Bastola ya vita, ganda lililopasuka na swali la nikeli

"Shikamoo fundi. Kwetu Tanga, ila naishi Columbus, Ohio, na nina ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mwaka jana jirani yetu mzee alifariki, na mjane wake akaniuzia bastola moja katika zile alizokuwa akikusanya marehemu. Ni Smith & Wesson ya silinda, ya risasi sita, mtutu wa inchi tano, mpini wa mbao laini isiyo na nakshi, chini ina pete ya kupitishia kamba, na namba yake inaanza na V. Ubavuni mwa mtutu imeandikwa .38 S&W CTG. Kuna vialama vidogo vya taji na maneno NOT ENGLISH MAKE. Rangi yake ni kijivu cheusi, imechubuka pembeni. Nataka niing'arishe, niichovye nikeli iwake, kisha niiwekee mpini wa mpingo. Nimeshaipeleka uwanja wa shabaha kwa risasi za .38 Special. Zinaingia vizuri, ila maganda yanatoka yamevimba, na moja limepasuka ubavuni. Muuzaji wa risasi ameniambia ni uzee tu wa bastola. Je, nikiipamba thamani itapanda? Njia ipi ni salama? Na nikirudi nyumbani siku moja, naweza kuja nayo?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa msiba wa jirani. Maswali yako yote nitayajibu, lakini jambo ulilolitaja kwa kupita, la maganda kuvimba na moja kupasuka, ndilo la kwanza kwangu. Nakuomba usiipige tena bastola hiyo mpaka fundi wa silaha aishike mkononi na kuipima. Huo si uzee. Chuma kilichotunzwa hakizeeki kwa namna ya kupasua maganda. Kilichotokea ni kwamba miaka mingi iliyopita mtu aliichimba silinda ya bastola yako ili imeze risasi ambayo haikuundiwa.

Ulichonunua ni kile ambacho wakusanyaji wanakiita Victory. Smith & Wesson walianza kuunda bastola ya jeshi na polisi ya muundo huu mwaka 1899 huko Springfield, Massachusetts. Vita vya Pili vilipopamba moto, kuanzia mwaka 1942 wakaanza kuzipiga namba zinazotanguliwa na V. Kazi ya kung'arisha ikaachwa ili zitoke haraka, chuma kikapigwa mchanga na kupakwa rangi ya kijivu ya kivita, mpini ukawa wa mbao ya jozi isiyo na nakshi, na chini ikawekwa pete ya kamba. Zilizobaki kwa Wamarekani nyingi zilikuwa na mtutu wa inchi nne na risasi ya .38 Special. Zilizopelekwa Uingereza na kwa majeshi ya Jumuiya ya Madola, zaidi ya nusu milioni, kwa kawaida zilikuwa na mtutu wa inchi tano na risasi fupi na nene ambayo Waingereza waliita .38/200. Kwa umbo la ganda, hiyo ndiyo .38 S&W iliyoandikwa kwenye mtutu wako. Yako ni ya kundi hili la pili.

Sasa chukua tochi, fungua silinda, hakikisha haina kitu, hakikisha tena, kisha angalia ndani ya tundu moja kwa upande wa nyuma. Silinda ambayo haijaguswa ina ngazi moja tu ndani, karibu milimita 20 kutoka nyuma, mahali ganda linapoishia. Ikiwa imechimbwa, utaiona ile alama ya kwanza, na mbele yake ngazi ya pili, kwenye milimita 29 hivi. Hata bila tochi ushahidi unao tayari: .38 Special ina ganda la milimita 29, na katika silinda ya asili ingekwama katikati, isiingie mpaka mwisho. Ya kwako inaingia yote.

Tatizo ni kwamba kuchimba huongeza urefu tu, hakupunguzi upana. Ganda la .38 S&W lina kipenyo cha milimita 9.8, la .38 Special milimita 9.6. Kwa hiyo sehemu ya nyuma ya tundu ilibaki pana kama ilivyokuwa, na ganda jembamba linakaa humo kama mguu wa namba saba ndani ya kiatu cha namba tisa. Baruti inapowaka, shaba ya ganda hutanuka na kugandamana na ukuta wa tundu, na hivyo kuziba gesi isirudi nyuma kwa mpigaji. Hiyo ndiyo kazi ya ganda. Likiwa na nafasi kubwa pembeni hutanuka kupita uwezo wake. Shaba ikiwa imara huvimba tu, ikiwa imechoka au imewahi kutumika, hupasuka. Ikipasuka, gesi ya moto hutafuta njia, na njia mojawapo ni nyuma, uliko uso na mikono yako. Miwani ya usalama uwanjani ni kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Mtutu nao una lake. Mtutu wa .38 S&W ni mpana kidogo, milimita 9.17 kwenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, na kile kichwa cha .38 Special kinachoruka ni milimita 9.07. Risasi inapita bila kushikwa sawasawa na mifereji, gesi inavuja pembeni yake, na shabaha inatawanyika. Nadhani uliliona hilo kwenye karatasi ya shabaha, ukadhani ni mkono wako. Ongeza kwamba .38 Special ya kawaida ina shinikizo linalofika pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .38 S&W ni 14,500 hivi. Zile zenye alama ya +P kwenye boksi zina nguvu zaidi, na hizo zisikaribie kabisa silaha hii.

Nikuambie ukweli wote. Wapo watu wanaopiga bastola zilizochimbwa namna hii, kwa risasi zenye kichwa cha madini laini ya risasi na baruti kidogo, na wamemaliza miaka bila kuumia. Sisemi italipuka kesho. Nasema kwamba ganda limeshapasuka mara moja, na mtu aliyekuambia ni uzee hakuipima.

Historia ya nani alizichimba inajulikana vizuri, na inahusu moja kwa moja swali lako la nikeli. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na bastola hizi kwa malaki, ikaziuza. Kabla ya silaha ya jeshi kuingia sokoni, sheria yao ilitaka ipimwe kwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida na kupigwa mihuri. Vitaji vyako vimetoka huko, na NOT ENGLISH MAKE iligongwa kwenye silaha zilizoundwa nje ya nchi. Tazama kwa kioo cha kukuzia karibu na mihuri hiyo. Ukikuta namba .767, huo ni urefu wa ganda kwa inchi ambao bastola ilipimiwa. .38 Special ni inchi 1.155. Maana yake siku ilipopimwa Uingereza ilikuwa bado haijachimbwa kwa urefu huu, na hakuna aliyeipima tena baadaye kwa kile kinachopigwa humo leo.

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zikafurika Marekani kwa bei rahisi. Risasi ya .38 S&W haikuwa maarufu, .38 Special ilikuwa kila duka, basi wafanyabiashara wakazichimba silinda. Wengine wakaikata mitutu ibaki mifupi, wengine wakazing'arisha na kuzichovya nikeli ili mnunuzi asione chuma cha vita. Moja ya hizo imebaki katika kumbukumbu za nchi hii. Tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy mjini Dallas, afisa wa polisi J. D. Tippit aliuawa kwa Victory iliyorudi kutoka Uingereza. Lee Harvey Oswald, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji yote mawili, alikuwa ameiagiza kwa posta kutoka Los Angeles kwa dola 29.95. Mtutu wake ulikuwa umekatwa kutoka inchi tano mpaka mbili na robo, na silinda imechimbwa kama yako. Wataalamu wa FBI walikuta maganda yamevimba. Na walipolinganisha risasi zilizotolewa mwilini hawakuweza kuthibitisha kwamba zimetoka katika mtutu ule, kwa sababu risasi nyembamba ndani ya mtutu mpana zilipita zikiyumba na kuachiwa mikwaruzo isiyofanana. Nayaleta haya kwa sababu hakuna maelezo bora ya kifundi ya kilichofanyiwa bastola yako kuliko kumbukumbu za uchunguzi ule.

Kwa hiyo unaponiuliza kama nikeli itapandisha thamani, jibu ni hapana, itaishusha, na kwa bastola ya aina hii huweza kuondoa nusu ya bei au zaidi. Wengi huamini kwamba kitu kikuukuu kikirudishiwa mng'ao kinakuwa na thamani zaidi, kama nyumba iliyopakwa rangi. Kwa wakusanyaji wa silaha ni kinyume kabisa, na ningependa uelewe sababu yake ili usidhani ni kiburi cha watu wa mnada.

Nikeli ni tabaka jembamba linalobandikwa kwa umeme juu ya chuma, na halifichi kitu. Kila kishimo, kila mkwaruzo ulio chini yake huonekana zaidi baada ya kuchovya. Ndiyo maana asilimia kubwa ya kazi si kuchovya, ni kusaga kabla ya kuchovya. Chuma chako kilipigwa mchanga kiwandani, kina vishimo vidogo kila mahali. Ili kiwake kama kioo, fundi lazima akisage mpaka afike chini ya kishimo kirefu kuliko vyote. Hapo ndipo vitu vinapotea. Kingo kali za fremu huwa za mviringo. Matundu ya skrubu hupata mdomo uliobonyea. Mstari wa kifuniko cha ubavuni, ambao kiwandani ulilinganishwa mpaka unauona kwa shida, hufunguka ukaonekana kama ufa. Mihuri ya Uingereza na maandishi ya mali ya serikali ya Marekani, ambayo hayakugongwa kwa kina, hufifia au hufutika. Chuma kilichosagwa hakirudi. Ukichoka na nikeli baada ya miaka mitano, inaweza kuvuliwa; kile kilichokuwa chini yake hakipo tena.

Na kuna hatari ambayo kwa mtu wa hali yako ni kubwa kuliko bei. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kumiliki silaha ambayo namba yake imefutwa au kubadilishwa ni kosa la jinai, kifungo chake hufika miaka mitano. Namba yako iko chini ya mpini, karibu na pete. Fundi mzembe wa gurudumu la kung'arishia anaweza kuila akidhani anakufurahisha. Wewe bado si raia, na kosa la silaha ni mojawapo ya sababu zinazotajwa wazi katika sheria ya uhamiaji za kumwondoa nchini mwenye ukaazi wa kudumu. Sikutishi. Nataka tu namba hiyo isiguswe na msasa wala grenda hata siku moja.

Utanijibu, na una haki: "Fundi, si umesema silinda imeshaharibiwa? Thamani imeshuka tayari, kwa nini nisiipambe?" Ni kweli imeshuka. Lakini yako haikukatwa mtutu. Rangi yake ya vita bado ipo. Mpini ni wa mbao ya asili, na ukiutoa, geuza kipande cha kulia. Mara nyingi nyuma yake utakuta namba ile ile ya bastola. Angalia pia nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Zikilingana zote, basi una bastola nzima yenye jeraha moja, na jeraha hilo lina tiba: silinda ni kipande kinachobadilishwa. Silinda ya zamani ya .38 S&W ya muundo huo hupatikana, fundi akailinganisha na fremu, na ile yako yenye namba ukaihifadhi ndani ya sefu pamoja na bastola. Baada ya hapo unapiga risasi iliyoandikwa kwenye mtutu, ambayo viwanda vya Marekani bado vinaitoa, yenye kichwa cha gramu tisa na nusu hivi. Inapiga kwa upole sana, utaipenda. Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea. Njia ya pili, ya bei nafuu kuliko zote, ni kuiacha ipumzike kama kumbukumbu bila kuipiga. Ya tatu ni kuiuza kwa mkusanyaji ukimweleza wazi kuhusu silinda. Kuichovya nikeli siiweki katika orodha.

Hamu yako ya kupamba lakini sitaki kuizima, maana ni hamu nzuri na ina mahali pake. Tafuta bastola nyingine kwa kazi hiyo. Smith & Wesson hao hao, mwaka 1957, walianza kuzipa bastola zao namba za muundo, na mjukuu wa Victory akaitwa Model 10. Polisi wa miji mingi ya Marekani waliibeba mpaka miaka ya 1980 na 1990 walipohamia bastola za magazini, kwa hiyo zipo nyingi sokoni, rangi imelika na ala ya ngozi lakini mitambo ya ndani mizima, kwa sababu zilibebwa sana na kupigwa kidogo. Hiyo ndiyo ya kujifunzia. Inapokea .38 Special bila mjadala, na hakuna historia utakayoifuta.

Katika hiyo unaweza kufanya rangi ya bluu kwa njia ya kutu, ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko nikeli yoyote. Chuma husafishwa mafuta yote, hupakwa dawa ya kukipa kutu kidogo, huachwa kwenye unyevu mpaka kishike kutu nyekundu laini. Kisha huchemshwa kwenye maji safi, na kutu ile hugeuka oksidi nyeusi inayoshikamana na chuma. Unaiswaki taratibu, unarudia tena na tena, na kila mzunguko weusi unazidi kina. Viwandani leo wanatumia chumvi za moto zenye magadi makali, nyuzi joto zaidi ya 130, na hilo usilijaribu gereji. Likiruka machoni unapoteza macho. Nikeli nayo ina kemikali za kiwanda na sheria zake za maji taka. Kazi hizo mbili peleka kwa wenye leseni.

Mpini wa mpingo: naam, na mikono ya watu wetu inaujua huo mti. Ni mgumu, mzito, hauchukui maji kirahisi, na ukisuguliwa unang'aa wenyewe. Nunua ubao uliokauka miaka, si mbichi, la sivyo utapasuka ndani ya nyumba yenye hita majira ya baridi ya Ohio. Vaa barakoa unapousaga, vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo ukinunua, omba risiti yenye maelezo ya ulikotoka. Hata kwenye Victory unaweza kuuweka bila dhambi, kwa sharti kwamba vile vipande viwili vya asili uviweke kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa namba ya bastola, na mpya uchongwe ufuate fremu, si fremu ipunguzwe kufuata mbao. Meno ya tembo usiyaguse kabisa, ya zamani wala mapya.

Ukiwa unafungua mpini au kifuniko cha ubavuni, tumia bisibisi zilizosagwa ncha sawa, zinazojaa mfereji wa skrubu. Bisibisi ya nyumbani ina ncha ya kabari, inateleza na kuacha mkwaruzo wa milele. Na kile kifuniko hakibanduliwi kwa kitu chenye ncha. Ukishatoa skrubu zake, shika fremu kwa kulegea, gonga kitako kwa mpini wa mbao wa bisibisi, pole pole. Mtikisiko wenyewe utakiinua. Ukikwama usilazimishe, peleka kwa fundi.

Usafi wa kawaida wa Victory ni mdogo sana. Mafuta mepesi, kitambaa cha pamba, na pale penye kutu nyekundu tu, nyuzi laini kabisa za chuma za namba 0000 zilizolowa mafuta, ukisugua kwa kidole kimoja. Kutu nyekundu inakula, iondoe. Weusi wa kahawia uliotulia ni ngozi ya miaka 80, uache. Mwisho pakaza nta ya aina inayotumiwa na makumbusho. Kamwe usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi; ngozi hunyonya unyevu na ina masalia ya dawa za kuilainishia, na bastola iliyolala humo msimu mmoja hutoka na madoa.

Kitu kingine cha usalama ambacho watu wengi wa Victory hawakijui. Mwishoni mwa mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa pale bastola ya aina hii ilipoanguka kwenye sitaha ya chuma na kujifyatua. Ndani kulikuwa na kipande cha kuzuia nyundo isifikie risasi, lakini grisi ikiganda kipande hicho kilishindwa kurudi mahali pake. Kiwanda kikabuni kizuizi kipya haraka, na bastola zilizofuata zikaongezwa herufi S karibu na V. Yako ina V peke yake, basi huenda bado ina kile cha zamani, pamoja na grisi ya tangu vita. Mwambie fundi afungue na asafishe, na mpaka afanye hivyo usiiache kamwe ikiwa na risasi ndani. Nyumbani iwe tupu, ndani ya sefu iliyofungwa, risasi mahali pengine penye kufuli lake. Watoto wa nyumba huijua kila droo, na wageni wao pia.

Upande wa sheria uko sawa kwa ulivyoeleza. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha, na kuuziana kati ya wakazi wawili wa Ohio ni halali. Lakini kwa ndugu wanaosoma hapa walioko Marekani kwa viza ya masomo, matembezi au kazi ya muda: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki silaha na hata risasi moja, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Msinunue kwa kusikia kwamba rafiki alinunua. Muulizeni kwanza wakili wa uhamiaji.

Ukinogewa na ukusanyaji, ipo leseni ya wakusanyaji ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ada yake dola 30 kwa miaka mitatu, inayokuruhusu kupokea kutoka majimbo mengine silaha zenye miaka 50 na zaidi. Lazima utunze daftari la kila inayoingia na kutoka, na si leseni ya biashara. Hadhi hiyo ya umri inategemea silaha kubaki katika umbo lake la asili, sababu nyingine ya kutokata mtutu. Zilizoundwa mwaka 1898 au kabla zina utaratibu wao tofauti kabisa katika sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1968. Na usije ukafunga kitako cha bega kwenye bastola yoyote bila kuuliza, kinaweza kuigeuza kuwa silaha ya kusajiliwa kwa namna ya pekee.

Kuhusu Tanga, ushauri wangu ni usiihesabu katika mizigo ya kurudi. Marekani itataka kibali cha kuisafirisha nje. Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, itataka kibali cha kuiingiza na leseni ya kuimiliki, na hivyo vyote viwe mkononi kabla bastola haijaondoka, si baada ya kufika bandarini. Kenya ina sheria yake, Sura ya 114, na ni kali vile vile. Kusema ni kikuukuu hakutakuokoa; bastola inayofyatua ni bastola. Siku ukikata shauri la kurudi, iuze kwa mwenye leseni, chukua karatasi za mauzo, uende na picha zake.

Kwa wiki hii, tafuta fundi mwenye leseni anayezijua Smith & Wesson za zamani, si muuzaji wa kaunta. Mpelekee bastola ikiwa tupu ndani ya kasha, pamoja na maganda yale yaliyovimba na lililopasuka, yatamweleza mengi kabla hajafungua chochote. Mwombe apime kipenyo cha matundu yote sita nyuma na mbele, apime mtutu, atazame kama silinda inajifunga sawa kila tundu nyundo inapovutwa, na asafishe kizuizi cha nyundo. Mwambie kwa kinywa na kwa maandishi kwamba asing'arishe chochote. Akikujibu kwamba atakupigia bluu mpya bure kama zawadi, shukuru, chukua bastola yako, tafuta mwingine.

Taasisi ya historia ya Smith & Wesson hutoa, kwa malipo, barua inayoeleza bastola ilitoka kiwandani lini na ikapelekwa wapi. Iagize. Kisha nenda kamsalimie mjane wa jirani yako, umuulize marehemu aliipata wapi, kwa nani, mwaka gani, na kama kuna picha, risiti au ala iliyobaki kabatini. Andika majibu yake kwa tarehe, mwombe atie sahihi, uyaweke pamoja na barua ya kiwanda.